Feni ya Hita Imegoma Kwenye Pikapu Yako ya Zamani? Pima Kwanza, Nunua Baadaye



Wengi mmezoea nikiongelea mbegu, mbolea na bakajani. Leo naomba tuongelee gari. Kijana anayelima kibiashara huku nyanda za juu anaanza na shamba, akipata faida kidogo ananunua pikapu ya zamani ili asiwe anasubiri gari za watu. Ni uamuzi mzuri. Ila pikapu ya miaka ya 90 inakuja na magonjwa yake, na kuna moja ambalo watu wanalidharau mpaka siku linapotaka kuwaua: feni ya hita kutofanya kazi.

Hata mimi nilikuwa nalidharau, mpaka mwezi wa saba mwaka jana.

Kilichotokea

Kijana mmoja anayelima viazi Uwemba aliniomba nimsindikize Makambako kuongea na mnunuzi. Tulitoka saa kumi usiku, yeye, mdogo wake na mimi, watu watatu kwenye kabini moja, nyuma magunia ya viazi. Njombe ya mwezi wa saba mnaijua. Baridi kali, ukungu nje, na sisi wote makoti na mabuti yamelowa umande wakati wa kupakia. Hatujaenda mbali kioo cha mbele kikawa cheupe kwa ndani. Akawasha feni. Kimya.

"Bwana shamba, hii feni nimeibadilisha mota wiki iliyopita tu, na bado haizunguki," akaniambia. Akaendelea kuendesha, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unafuta kioo kwa kitambaa.

Mbele yetu kulikuwa na lori limeharibika, limesimama nusu barabarani. Wenyewe walikuwa wametandaza matawi ya miti kwa nyuma, kama ilivyo kawaida yetu. Hatukuyaona hayo matawi. Tuliyasikia yakivunjika chini ya matairi. Akakanyaga breki, magunia yakasogea yakagonga kabini, tukasimama hatua mbili nyuma ya lile lori. Hakuna aliyeongea. Mdogo wake ndiye alishuka kwanza, akaanza kufuta kioo kwa koti lake.

Tukasogea pembeni kabisa, tukasubiri kupambazuke. Tulipofika Makambako, mnunuzi alikuwa ameshajaza gari yake kwa viazi vya watu wengine. Mzigo ukauzwa kwa bei ya kubembeleza.

Sasa linaloniuma zaidi ni hili: ile mota aliyobadilisha aliinunua kwa pesa ya gunia zima la viazi, na mota ya zamani ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye plagi ndogo ya waya. Nitakueleza tulivyoujua.

Ukiona majani ya viazi yana mabaka, hukimbilii duka la pembejeo kununua dawa yoyote iliyopo. Unageuza jani, unaangalia upande wa chini, unaangalia shina, unaangalia na jirani. Kwenye gari ni hivyo hivyo. Usipulize dawa kabla hujajua ugonjwa.

Kwa nini hita sio anasa

Watu wanafikiri hita ni ya kupasha miguu. Kazi yake kubwa huku kwetu ni kioo. Pumzi za watu na nguo mbichi zinajaza kabini unyevu. Kioo cha mbele kimepigwa na baridi ya nje, kwa hiyo ule unyevu ukikigusa unageuka matone madogo, ndio huo weupe unaouona. Hewa ya moto ikipulizwa pale inafanya mambo mawili: inapasha kioo, na inabeba unyevu kwa sababu hewa ya moto inachukua maji mengi kuliko ya baridi. Feni isipozunguka, hiyo hewa haifiki kwenye kioo hata kama injini inachemka.

Ijue njia ya umeme

Usiogope, ni kama mfumo wa umwagiliaji. Maji yanatoka kwenye tanki, yanapita kwenye koki, yanafika shambani. Pakiziba popote, shamba linakauka. Tofauti ni kwamba umeme lazima pia urudi.

Unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi ya ufunguo, unapita kwenye fyuzi, kisha kwenye rilei, unafika kwenye mota ya feni. Kurudi, kwenye gari nyingi za Kijapani za zamani, unapita kwenye rezista na swichi ya spidi, kisha unaingia kwenye bodi ya gari, ambayo ndiyo negativu. Gari nyingine zimepangwa kinyume: swichi na rezista ziko upande umeme unapokuja. Vyovyote vile, vifaa ni hivyo hivyo.

Rezista ndiyo inayogawa spidi. Ukiweka spidi ya chini, inapunguza umeme na kuutoa kama joto. Ndiyo maana wameifunga ndani ya njia ya hewa, ili feni yenyewe iipoze. Ukiweka spidi ya juu kabisa, umeme hauipitii rezista, unaenda moja kwa moja. Shika hili vizuri, ni ufunguo wa dalili nyingi.

Dalili zinasema nini

1. *Inafanya kazi spidi ya juu tu, za chini hakuna.* Hapo ni rezista karibu kila mara. Mota usiiguse.

2. *Spidi za chini zipo, ya juu hakuna.* Angalia swichi ya spidi, plagi yake, au rilei ya spidi ya juu kama gari yako inayo.

3. *Haizunguki kabisa spidi zote.* Inaweza kuwa fyuzi, rilei, plagi iliyoungua, negativu mbovu, swichi au mota. Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa hela.

4. *Inazunguka ukigonga chini ya dashibodi kwa ngumi.* Kaboni za mota zimekwisha. Inakuaga taratibu. Siku moja utagonga na haitaitika.

5. *Inapiga kelele au inakwaruza.* Bushi zimekauka, au kuna majani, maganda ya mahindi au kiota cha panya kwenye gurudumu la feni. Ukibeba mbegu na pumba ndani ya kabini, panya watahamia.

6. *Inazunguka lakini hewa ni dhaifu.* Njia imeziba kwa vumbi na majani, au mota imefungwa nyaya kinyume na inazunguka upande usio wake. Hili hutokea mota ya dukani inapokuja na plagi tofauti na fundi akaunga kwa kubahatisha.

Vifaa na tahadhari

Huhitaji mashine. Tafuta bisibisi ya nyota, spana namba 10, tochi, na balbu ya indiketa ya volti 12 yenye wati 21. Iunge nyaya mbili ndefu, hapo umepata testa. Kwa nini balbu kubwa hivyo? Kwa sababu testa ndogo inawaka hata kama waya umebakiwa na uzi mmoja tu mzima. Balbu ya indiketa inataka umeme wa kutosha. Waya ukiwa umechoka, itafifia na utaona.

Tahadhari tatu:

- Nyaya na plagi za rangi ya njano chini ya dashibodi, kwenye gari nyingi, ni za mifuko ya hewa ya usalama. Usiziguse kabisa, wala usizipime kwa balbu.
- Unapofungua na kuunga nyaya, toa kwanza waya wa negativu kwenye betri. Rudisha wakati wa kupima tu.
- Usiishike rezista feni ikiwa imetoka kufanya kazi. Inaunguza.

Hatua za kupima

*Hatua ya 1: Fyuzi.* Fungua boksi la fyuzi, soma kifuniko, tafuta palipoandikwa HEATER au BLOWER. Itoe uiangalie kwenye mwanga. Ikiwa imekatika, weka yenye ampea zile zile zilizoandikwa kwenye kifuniko. Usiweke kubwa zaidi, na usiweke kipande cha waya. Fyuzi ni kama mlinzi wa ghala. Ukimfukuza kwa sababu anakusumbua, mwizi akija hutajua. Ikikatika tena, kuna shoti au mota imekaza na inavuta umeme mwingi.

*Hatua ya 2: Rilei.* Weka ufunguo mahali pa kuwashia taa za dashibodi, mwenzako awashe feni huku umeshika rilei kwa kidole. Ikishtuka na kulia "tik", sehemu yake ya ndani inavuta. Ila kulia pekee hakuthibitishi kwamba inapitisha umeme. Kama ndani ya boksi kuna rilei nyingine yenye namba ile ile, badilishana kwa muda uone.

*Hatua ya 3: Plagi ya mota.* Mota iko nyuma ya kile kidroo cha mbele ya abiria, chini kidogo. Chomoa plagi yake yenye nyaya mbili, uiangalie kwanza kwa macho. Plastiki imekuwa ya kahawia? Imeyeyuka? Inanuka kuungua? Ukiona hivyo umeshakaribia.

Sasa chomeka nyaya za balbu kwenye matundu mawili ya ile plagi, ufunguo umewashwa, feni spidi ya juu kabisa.

- Balbu ikiwaka vizuri: umeme unakuja na unarudi. Mota ndiyo mbovu.
- Isipowaka au ikififia: usinunue mota. Shika waya mmoja wa balbu kwenye chuma safi cha bodi, mwingine gusa tundu moja la plagi, kisha la pili.
  - Tundu moja likiwasha balbu vizuri: umeme unafika, tatizo ni njia ya kurudi. Fuata swichi, rezista, plagi zake na waya wa negativu.
  - Yote mawili yasipowasha: umeme haufiki. Rudi nyuma kwenye fyuzi, rilei na swichi ya ufunguo. Kwa zile gari zilizopangwa kinyume, angalia pia rezista na swichi ya spidi.

Hivi ndivyo tulivyofanya kwa yule kijana wa Uwemba, Jumapili mchana, nyumbani kwake. Balbu kwenye plagi ya mota: giza. Tundu moja na bodi: ikawaka vizuri. Basi umeme ulikuwa unafika, ila haurudi. Tukafungua swichi ya spidi, tukachomoa plagi yake, na mguu mmoja wa shaba ulikuwa mweusi tititi, plastiki imeyeyuka ukazama ndani. Ndio mguu wa negativu. Tukapeleka kwa fundi umeme, akakata kipande kilichoungua, akafunga mguu mpya na plagi mpya. Feni ikapuliza vumbi la miaka mitano usoni kwetu.

Kijana akaitoa ile mota yake ya zamani stoo, tukaijaribu kwenye betri. Ikazunguka kama mpya. Akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Afisa, gunia langu lile." Sikuwa na la kumjibu.

*Hatua ya 4: Mota yenyewe.* Kama vipimo vimekuonyesha mota, itoe. Mara nyingi inashikwa na skrubu tatu kwa chini. Zungusha gurudumu kwa mkono. Linapaswa kuzunguka laini. Likikaza, bushi zimekufa au kuna uchafu. Kisha iunge moja kwa moja kwenye betri kwa nyaya zenye fyuzi katikati, ukiwa umeishika imara maana inaruka inapoanza. Isipozunguka hata hapo, ndipo uende dukani. Nenda nayo mkononi, ulinganishe plagi, gurudumu na upande inaozungukia.

Kabla hujatupa, muulize fundi wa mota kama kaboni zinabadilika. Nyingi zinabadilika, na ni nafuu kuliko mota nzima.

*Hatua ya 5: Rezista.* Iko karibu na mota, imefungwa kwa skrubu mbili hivi kwenye boksi la hewa. Itoe uangalie zile koili: imekatika? Imeota kutu? Nyingi zina kifyuzi kidogo cha joto kilichochomelewa juu yake. Mafundi wengine wakikuta kimekatika wanakiruka kwa waya. Usikubali. Kile kimewekwa ili feni ikikwama, rezista isichome boksi la plastiki ndani ya gari yako.

Kabla ya kufunga kifaa kipya, jiulize kilichoua cha kwanza

Hili ndilo tunalolisahau. Rezista haifi bure. Mota ikiwa nzito inavuta umeme mwingi, na huo umeme unapita kwenye rezista na kwenye plagi. Plagi zinachemka, miguu inalegea, inachemka zaidi, mwisho inaungua. Ukibadilisha rezista ukaacha mota imejaa majani, baada ya miezi michache utarudi dukani.

Kwa hiyo ukishafungua, safisha kila kitu: gurudumu la feni, boksi la hewa, na lile tundu la kuingizia hewa chini ya waipa, ambako majani ya miti yanajikusanya. Ukikuta kiota cha panya usikipulize kwa mdomo wala kukifagia kikavu. Vaa glavu na barakoa, kilowanishe kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, kisha kitoe kwa kitambaa. Chomoa kwanza vitu vya umeme vilivyo karibu.

Na waya ukiungwa, uungwe kwa kubanwa au kuchomelewa, sio kusokotwa na kuzungushiwa solotepu. Barabara zetu zinatikisa, hiyo solotepu haitamaliza msimu.

Feni inapuliza lakini hewa ni ya baridi

Hapo umeme uko sawa. Tatizo liko kwenye maji ya injini.

Angalia kwanza kiwango cha kulanti, injini ikiwa imepoa kabisa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka. Kulanti ikipungua, hita ndiyo inayokosa kwanza.

Pili, uliza kama gari yako ina themostati. Wamiliki wengi waliotangulia, hasa gari zilizofanya kazi Dar, waliambiwa iondolewe ili gari isichemshe. Huku kwetu gari isiyo na themostati inakaa na injini baridi, hita haipati joto, na mafuta yanalika zaidi. Irudishe.

Tatu, kama kioo kinaweka utando wa mafuta mafuta na kuna harufu ya utamu utamu ndani, au zulia la abiria limelowa, rejeta ndogo ya hita inavuja. Hiyo mpe fundi.

Ukikwama njiani kabla hujatengeneza

Fungua vioo vya pembeni kidogo pande zote, hata kama ni baridi. Hewa iwekwe ya kutoka nje, sio ya kuzunguka ndani. Makoti na magunia yaliyolowa yatoke kabini yakae nyuma. Futa kioo kwa kitambaa kikavu cha pamba, na kioo kiwe safi, maana kioo kichafu kinaweka mvuke haraka zaidi. Feni ikiwa nzima na AC inafanya kazi, washa AC pamoja na hita, kwa sababu AC inakausha hewa.

Na kama bado huoni, simama. Toka barabarani kabisa, washa taa za tahadhari, subiri. Viazi havitaoza kwa masaa mawili. Mnunuzi mwingine atapatikana.

Mwisho

Kama ulivyo na kalenda ya kupalilia na kupiga dawa, weka na hii: kila mwezi wa tano, kabla baridi haijashika, washa feni spidi zote moja moja, sikiliza, weka mkono kwenye matundu ya kioo. Ni kazi ya dakika 5. Spidi moja ikikosekana, usisubiri zote zikatike.

Na ukienda kwa fundi, usiseme "feni mbovu, nibadilishie." Sema, "umeme unafika kwenye plagi ya mota, haurudi," au "spidi ya juu ipo, za chini hakuna." Fundi mzuri atafurahi kwa sababu umempunguzia kazi. Yule wa kubahatisha atajua kwamba kwako hapauziki mota bure.

Yule kijana bado analima Uwemba. Mota yake ya pili ameiweka stoo, juu ya rafu ya mbegu. Anasema ni akiba. Mdogo wake anasema ni gunia la viazi lililokataa kuoza.

Tukutane tena wiki ijayo, tutarudi shambani: namna ya kuchagua viazi vya mbegu kabla ya kuhifadhi. Kazi njema.